Taa ya Kidato cha Pili

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata chai, Baba alikuwa anausalimia ukuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Athumani. Umeamkaje?" ukuta ulimjibu.

"Salama tu. Baridi ndiyo inatumaliza."

Nilishamwambia zaidi ya mara moja kwamba ile ni mashine. Ni bamba jembamba, upana wake kama sinia, ambalo watu wa wilaya walikuja kulibandika juu ya kabati la vyombo ili linifundishe mimi. Sauti waliipa ya mwanamke mzima, eti watoto huitulia zaidi. Baba alisema hawezi kumpita mtu mzima ndani ya nyumba yake bila shikamoo, awe na mwili asiwe nao. Akamwita Bibi Ukuta, na haikupita muda nikamkuta anamsimulia habari za goti lake. Tangu Mama afariki nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, kwa hiyo nadhani naye alikuwa anatafuta wa kuongea naye.

Bibi Ukuta alikuwa kwetu kwa majaribio ya wiki mbili. Sheria inasema mtoto aliyetimiza miaka kumi na minne, shule ikimshinda, anaweza kusomea nyumbani, ila uamuzi ni wake na autamke kwa mdomo wake mwenyewe. Hasemewi na mzazi wala mwalimu. Mimi nilikuwa na kumi na tano, na siku yangu ya kutamka ilikuwa Ijumaa. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka kubaki nyumbani, nilitaka mpaka kifua kinauma.

Mtu angeziishi wiki zile mbili asingenishangaa. Nilikuwa naamka bila tumbo kunikata. Nikishakunywa uji, naweka sikioni kidude changu cha kumsikia Bibi Ukuta, napanda na Baba kwenye kilima kilicho juu ya nyumba, ambako kazi yake ni kutunza nyavu za ukungu. Kijiji kizima cha Kwemtindi kinakunywa maji ya nyavu zile. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unagonga wavu, unageuka matone, matone yanaingia mfereji, mfereji unaingia tangi. Mito ya kwetu iliacha kutegemewa kabla sijazaliwa. Wavu ukiota ukoga hauvuti maji, basi sisi tunasugua, na huku nasugua Bibi Ukuta ananisomesha sikioni.

"Mwantumu, ukungu wa leo ni mzito kuliko wa jana. Tangi litajaa saa ngapi?"

"Bado sijajua, Bibi."

"Una haraka?"

"Sina."

"Nami sina."

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba hana haraka. Nilipiga hesabu kwa kijiti kwenye tope, nikakosea, nikafuta kwa kiatu, nikaanza upya, na hapakuwa na mtu wa kuniona isipokuwa Baba, aliyekuwa anajifanya anatazama fundo la kamba. Baba hakuwahi kuniambia anataka nijibu nini Ijumaa. Kila nikimchokoza, anagundua fundo jingine.

*

Jumatano jioni alikuja Shufaa, bado amevaa sare, na mfuko wa mandazi kutoka kwa mama yake. Huyu ni rafiki yangu tangu chekechea. Anaongea kama bomba lililosahauliwa wazi, na ndicho ninachompendea, maana ukikaa naye huhitaji kutafuta cha kusema. Alimwamkia Bibi Ukuta, kwa kuwa Baba alishamwambukiza, akavuta kigoda jikoni, akachukua andazi la kwanza yeye mwenyewe.

"Tumekukumbuka jamani. Jana tumekuimbia."

"Mmeniimbia nini?"

"Si ule wimbo wako. Taa iliwaka, tukakuimbia."

Hapa itabidi niieleze taa, kwa ajili ya wale waliosoma zamani, enzi ambazo mtu alikuwa anaogopa kimyakimya.

Kila darasa la wilaya yetu lina taa moja katikati ya dari. Ukifika mlangoni unavaa bangili, uwe mwanafunzi, uwe mwalimu, uwe fundi aliyekuja kuziba paa. Bangili inasikiliza mapigo ya moyo na jasho la ngozi na kuipelekea taa habari. Moyo mmoja tu ukivuka kiwango cha hofu, taa inabadilika kutoka nyeupe kuwa rangi ya chungwa, na kioo cha somo kilichoko ukutani kinaganda. Hakuna kuendelea mpaka moyo ule utulie. Walioibuni walikuwa watu wema. Hawakutaka mtoto aburuzwe na somo huku ndani anakufa. Na kwa wema huohuo wakapanga kwamba taa isitaje mtu. Inasema tu kuwa humu ndani kuna anayeogopa, basi. Ni nani, hiyo ni siri yake.

Siri gani, ndani ya chumba cha watoto arobaini wanaotazamana? Nikiwa kidato cha kwanza niliitwa mbele kusoma insha yangu kuhusu kinyonga. Nikafika mbele, nikageuka, nikayaona macho yote yale. Taa ikawaka, na uji wangu wa asubuhi ukaishia kwenye viatu vya kiranja. Kuanzia hapo taa ikawa yangu. Ikiwaka tu, darasa zima linageuka kwangu.

Hawakunicheka. Laiti wangenicheka! Wao walinitungia wimbo. Ikawa ndiyo desturi ya darasa letu: taa ikigeuka, kalamu chini, watu wanakigeukia kiti changu na kuimba kwa sauti mbili, wasichana juu, wavulana chini:

Tupo, Mwantumu, tupo,
pumua polepole, tupo.

Wanaimba vizuri, sitawaonea. Ila aliyewahi kukaa katikati ya wimbo wa aina hiyo anajua kwamba hujui mikono uiweke wapi. Ukitabasamu unaonekana unaigiza, ukiinama wanaimba zaidi. Darasa letu lilikuwa nyuma ya wenzetu wa mkondo mwingine kwa mada nzima, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Uzito wa watu wote hao wasiokulaumu ni mkubwa sana. Nikaanza kuamka na tumbo, nikaanza kujifungia chooni. Mwishowe asubuhi moja nilifika getini miguu ikagoma kabisa, Baba akanibeba mgongoni kunirudisha nyumbani, binti mzima, watu wanatazama.

"Shufaa," nilimwambia. "Jana mimi sikuwepo."

"Najua."

"Nilikuwa kilimani nasugua wavu."

"Najua, Mwantumu, si tumekiimbia kiti." Alitafuna bila wasiwasi. "Taa iliwaka, tukaweka kalamu chini, tukageuka, kiti kitupu. Sasa tungefanyaje? Tukaimba. Kiranja akasema labda huko uliko umeshtuka na taa imekusikia."

"Taa haiwezi kunisikia kutoka huku."

"Mimi nitajuaje mambo ya taa?"

"Ni jana tu?"

"Jana, na juzi, na wiki iliyopita si..." Hapo Shufaa aliacha kutafuna. Ni jambo ambalo sijaliona mara nyingi maishani. "Mungu wangu. Basi ni nani?"

Nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka Baba akachungulia kutoka uani, kwa jinsi nilivyowaona watoto arobaini wanakibembeleza kiti. Kisha kicheko kikakata. Nilianza kuzikumbuka zile siku moja moja. Siku ya jometri: nilikuwa nimetulia kabisa, nachora, taa ikawaka, na ni baada ya kuiona ndipo moyo wangu ulipoanza mbio. Siku ya mvua ya mawe, hivyohivyo. Mara nyingi taa haikuwaka kwa sababu naogopa. Niliogopa kwa sababu taa imewaka. Siyo mara zote, na sitaki kujisafisha, ila nyingi mno. Nilikuwa nimebeba hofu ya mtu mwingine mwaka mzima, pamoja na yangu, na yangu peke yake ilikuwa inanitosha.

*

Alhamisi mchana, mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Singano, alipanda kilimani na viatu vyake vya darasani. Alipofika juu vilikuwa vimebadilika rangi.

Kila mtu Kwemtindi anampenda Mwalimu Singano. Ni kijana bado, mrefu, na ndiye pekee shuleni anayeandika kwa chaki, kwenye ubao mweusi aliouokoa stoo, wakati wenzake wote wanatumia kioo. Anasema hesabu isiyokuchafua mikono haikai. Alimwamkia Baba, wakaulizana habari za afya na za maji, halafu Baba akakumbuka kwamba tangi la chini linamhitaji haraka sana, akatuacha.

Mwalimu alichukua brashi, akaanza kusugua wavu pamoja nami.

"Mwalimu, hivyo unauchana. Vuta kuelekea chini."

Akavuta kuelekea chini. Alikuwa anatazama matone badala ya kunitazama mimi.

"Shufaa ameniuliza swali leo mbele ya darasa," alisema. "Taa ni ya nani, ikiwa Mwantumu hayupo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema tufungue kitabu." Alisugua kidogo. "Ni yangu, Mwantumu."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mfereji, nami nikayasikiliza kwa makini, kama vile nimeulizwa habari zake.

"Nikiwapa mgongo nikaandika, niko sawa," aliendelea. "Kugeuka ndiko kunakoniua. Nimemaliza mstari, najua lazima nigeuke, na nyuma yangu kuna macho yote yale. Tangu nikiwa mdogo kama wewe niko hivyo. Nilidhani nikiwa mwalimu itakwisha."

"Umejua tangu lini?"

"Nilishuku tangu mwaka jana. Nikajiambia ni wewe, kwa kuwa kila mtu alisema ni wewe, na ilikuwa rahisi kwangu. Wiki hizi mbili umeondoka, nimekosa pa kujificha."

"Nilibebwa mgongoni, Mwalimu. Pale getini, watu wote wananiona."

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani."

Nilitamani kumrushia brashi. Nasema ukweli, nilitamani, na mkono ulishanyanyuka. Lakini nilimwangalia uso nikauona ni uso ninaoujua. Ndio uso ninaouona kwenye kioo cha chooni shuleni, nikiwa nanawa mara ya tatu ili kengele inikute palepale. Brashi niliiweka chini. Hasira haikuniisha, ila haikuwa tena na pa kukaa vizuri.

"Sheria yenu walimu inasemaje?" nilimuuliza.

"Mwalimu anayewasha taa mara kwa mara anaondolewa darasani. Wananipeleka ofisi ya vifaa, kuhesabu madawati." Alijaribu kutabasamu. "Na mimi, nikishageuka, nikishaanza kueleza, Mwantumu, hakuna kitu ninachokipenda duniani kama hicho. Ni pale katikati tu."

Ndipo aliponieleza kuhusu Ijumaa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Afisa wa elimu hataanza na swali la nyumbani au shule. Ataanza na lingine: je, wewe ndiye mwenye taa? Nikijibu ndiyo, ruhusa ya nyumbani napewa palepale. Nikijibu siyo, hana mamlaka ya kunipa, kwa kuwa nyumbani ni kwa mwenye taa tu. Na tena itabidi mwenye taa atafutwe.

"Sasa umekuja kuniambia kwa nini?" nilisema, na sauti ilinipanda. "Ungekaa kimya, kesho ningesema ndiyo. Wewe ungebaki na darasa lako, mimi ningepata nyumbani kwangu. Nisingejua hata namdanganyia nani."

"Ndiyo sababu nimekuja," alisema. "Sijaja kukuomba useme hivi au vile. Sema litakalokufaa wewe. Nilitaka tu usiseme bila kujua."

Alinirudishia brashi, akashuka, na alipofika kwenye utelezi akashuka kwa makalio kama mtoto. Wakati mwingine ningecheka.

*

Jioni nilimweleza Baba yote, yeye akiwa anasonga ugali. Hakunikatiza.

"Nikisema ndiyo, kila mtu anapata anachotaka," nilimaliza.

"Na utakuwa umesema nini, ukisema ndiyo?"

"Kwamba nyimbo zote zile zilikuwa zangu."

"Zilikuwa zako?"

"Nyingine."

"Hm," alisema Baba, akakandamiza mwiko.

"Baba, wewe unataka nini? Acha mafundo ya kamba. Niambie."

"Sisemi."

"Kwa nini?"

"Nikisema utalibeba. Wewe una tabia ya kubeba."

"Sema tu."

Aliacha kusonga. Baba yangu ni mtu wa maneno mepesi, ya mzaha, na nilipomwona anameza mate kabla ya kuongea niliogopa.

"Nataka ubaki," alisema. "Nataka ubaki hapa mpaka uzeeke. Wiki hizi mbili nimekuwa na raha mpaka naona haya. Nakusikia unacheka kule juu. Mwaka mzima sikukusikia ukicheka, Mwantumu, nilikuwa nakusindikiza getini kila asubuhi najiona napeleka mtoto kuchinjwa, halafu narudi nasugua nyavu. Nakupenda kuliko roho yangu. Ndiyo maana nimefunga mdomo. Sitaki siku moja ujikute umekaa nyumbani kumtunza baba yako, ukidhani ulichagua mwenyewe."

Nilimkumbatia kwa nyuma, na mwiko wake, na moshi. Tulikaa hivyo.

"Athumani," alisema Bibi Ukuta kutoka sebuleni, "ugali unaungua."

Uliungua kweli. Tuliula hivyohivyo.

*

Ijumaa Baba alinisindikiza mpaka mlango wa darasa. Miguu ilifika. Nilimwomba asiingie, akasema hata hivyo amekuja kuangalia mifereji ya paa la shule, ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuiangalia, akaenda kusimama chini ya dirisha.

Bi. Mbwambo, afisa wa elimu, alikuwa amefika kabla yangu. Ni mama mnene mwenye miwani ya kamba na kikohozi, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniuliza kama nimekunywa chai. Kisha tukavishwa bangili, yeye na mimi. Kilikuwa kipindi cha hesabu. Mwalimu Singano alikuwa anaandika ubaoni, ametupa mgongo, na mstari wake ulikuwa mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

Kiti changu kilikuwa palepale. Mtu alikuwa amekifuta vumbi.

Nilisimama mbele, mahali palepale pa kinyonga. Bi. Mbwambo alisimama pembeni yangu. Mwalimu alimaliza mstari, akashika chaki kwa mikono yote miwili, akageuka.

Taa ikawaka.

Ilikuwa ya nani, hata leo sijui. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno. Huenda ilikuwa yake, huenda yangu, huenda yetu sote wawili kwa mpigo. Kioo cha ukutani kiliganda. Kalamu zikawekwa chini, nyuso arobaini zikanigeukia zikiwa zimejaa huruma, na wasichana wakaanza juu.

"Tupo, Mwantumu..."

"Msiniimbie," nilisema.

Wimbo ulikatika vipandevipande. Wavulana wawili wa nyuma walimalizia "tupo" peke yao.

"Nawashukuru," nilisema. "Najua mnanipenda. Lakini msiniimbie tena. Mkiniimbia ndiyo naogopa zaidi. Nataka nikiogopa niachwe niogope, mpaka iishe, halafu tuendelee."

Shufaa alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu kukubali, machozi yanamtoka, kwa sababu yeye hulia hata kwenye mahafali ya watu asiowajua.

Bi. Mbwambo alikohoa kidogo. "Mwanangu, lazima nikuulize mbele ya darasa, ndivyo inavyotakiwa. Je, wewe ndiye mwenye taa?"

Nilimtazama Mwalimu Singano. Alikuwa amesimama wima, suruali imejaa chaki, na aliniitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama kusema sema tu linalokufaa.

"Ninaogopa kuja shule," nilisema. "Naogopa tangu siku niliyotapika. Hilo ni langu, sihitaji taa inisemee. Lakini taa, mara nyingine ilikuwa yangu, mara nyingine haikuwa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Sheria inasema taa haitaji mtu. Basi na mimi sitaji."

Alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. "Binti, mimi nina nafasi ya ndiyo, na nina nafasi ya siyo. Mara nyingine sina pa kuiweka. Ukiniachia hivyo, nyumbani sitaweza kukupa. Umenielewa?"

Nilielewa. Niliuona wavu, tope, kijiti, nikamsikia Bibi Ukuta anasema nami sina haraka. Nilikitaka kile kitu kama mtu anavyotaka maji, na kilikuwa umbali wa neno moja. Sikulisema. Nilisimama pale nikilia bila sauti, na sikuona haya.

"Niwekeni mimi," alisema Mwalimu Singano.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Darasa liligeuka. Yale macho yote, yale anayoyaogopa kuliko kitu chochote, yalimfikia kwa pamoja, na nikamwona anayapokea.

"Ni ya kwangu," alisema. "Mtoto amenifichia. Nikigeuka kutoka ubaoni naogopa, na mmekuwa mkimwimbia Mwantumu kwa ajili yangu. Naomba mnisamehe. Mwantumu, nisamehe."

Taa haikuzima, ilibaki na chungwa lake. Mwalimu alikuwa anatetemeka mbele ya wanafunzi wake, na watoto wa kidato cha pili, ambao hawajui njia nyingine ya kumsaidia mtu anayeogopa, walivuta pumzi.

"Tupo, Mwalimu, tu..."

"Mwacheni!" nilisema, na nikashangaa ukubwa wa sauti yangu. Mwalimu alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Nilimwonea huruma sana. "Mwacheni jamani. Mwalimu, endelea na hesabu."

"Kioo kimeganda," alisema kiranja.

"Ubao haujaganda."

Mwalimu Singano aliutazama ubao wake, kama mtu aliyesahau kwamba anao. Akaugeukia. Akaandika mstari mmoja. Akageuka kwetu, taa ikiwa imewaka vilevile, akaanza kueleza. Mwanzoni neno lilikuwa linakwama. Alipofika kwenye sehemu ya kuhamisha herufi upande wa pili, mikono yake ikaanza kuruka kama kawaida yake, na chaki ikavunjika, na hakuiokota. Hakuna aliyeimba. Watu walichukua kalamu. Lilikuwa swali la tangi na mifereji miwili, mmoja unajaza na mmoja unavuja, na mimi mambo ya matangi nayajua. Nilijikuta nimeshakaa kwenye kiti changu, naazima karatasi kwa Shufaa.

Bi. Mbwambo alivuta kiti akakaa karibu yangu, akasikiliza pamoja nasi. Baada ya muda aliniinamia.

"Ya mwalimu sikutumwa," alinong'ona. "Mimi nimetumwa mtoto. Nilisema sitaweza, ila nitaandika kwamba mtoto anaogopa na kwamba taa haitaji mtu, kama sheria inavyosema, ruhusa nikupe kwa hilo, na wakubwa watajua pa kuiweka. Sasa niambie. Nyumbani au shule?"

"Nyumbani," nilisema.

Aliitikia, akasogeza kidole kwenye kibao chake cha kuandikia.

"Ila subiri kidogo," nilisema. "Nimalize hili swali."

Alisubiri. Wakati nalimaliza niliinua uso nikaona taa ni nyeupe, na sikujua imebadilika saa ngapi. Nadhani hakuna aliyejua.

Nje, Baba alikuwa bado ameshika mfereji wa paa, na majani makavu yamemjaa kichwani.

"Umejibu nini?" aliuliza, kana kwamba hakusikia kila kitu dirishani.

"Nyumbani. Na kila Jumatano nitakuwa nashuka huku, kwenye hesabu."

"Nani kakuruhusu?"

"Nimejiruhusu."

Alinifuta kamasi kwa kiganja chake, kama nilipokuwa mdogo, akanishika mkono, tukaanza kupanda kuelekea kwetu. Tulipopita geti alipunguza mwendo.

"Sasa Jumatano," alisema, "Bibi Ukuta atabaki na nani?"

"Na wewe, Baba."

Alifikiri. Akasema kwamba basi atamwomba amfundishe na yeye ile ya mifereji miwili, maana pale dirishani hakuipata vizuri.